Intaneti ya nyumbani inasuasua? Anza na dalili kabla hujampigia mtu simu

Wakuu, malalamiko ya intaneti za majumbani yanajirudia mno, ukisikiliza matano ya kwanza umeshasikia karibu yote, ndo maana nimeona niyapange hapa kwa dalili ili kila mtu aende moja kwa moja kwenye shida yake. Mi kazi zangu nyingi ni Dar kwahiyo mifano mingi ni ya Dar, ila mtu wa Mombasa au Nairobi hatapotea, faiba ni ileile na ruta ni zilezile za Kichina. Kwenye kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana alafu nikaenda kwenye zile za nadra, usiruke ya kwanza eti kwa sababu ni rahisi, mara nyingi ndo hiyohiyo.

Ila kwanza tukubaliane namna ya kupima, maana mtu anapima kwa simu akiwa kitandani, milango mitatu kutoka kwenye ruta, watoto wako TikTok sebuleni, anapata Mbps 4 (kipimo cha kasi, nakieleza kwenye dalili ya 1) anaanza kuitukana kampuni. Hapo hujapima laini yako, umepima kuta zako.

Pima hivi. Chukua laptopu, chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta moja kwa moja, zima waifai ya laptopu, wengine wote nyumbani waache kutumia kwa dakika tano. Fungua Speedtest upime, alafu fungua Fast.com upime tena. Speedtest inakuchagulia seva ya karibu, mara nyingi iko hapahapa nchini, Fast.com ni ya Netflix na inapima kutoka kwenye seva zao, kwahiyo zikitofautiana sana usishangae, hiyo tofauti yenyewe ni taarifa. Rudia asubuhi, mchana na saa tatu usiku, andika majibu au piga picha ya skrini. Laptopu haina tundu la waya? Kuna adapta za USB madukani Kariakoo, bei yake haitishi. Ukikosa kabisa basi simama na simu mita mbili kutoka kwenye ruta ukiwa kwenye 5 GHz (ule mkondo wa kasi wa waifai, uko dalili ya 2), siyo kamili lakini inasaidia.

Tahadhari kwa wanaotumia bando la GB: kipimo kinakula data. Kwenye laini ya Mbps 50 kupima mara moja kunaweza kumeza zaidi ya MB 100, na ukiwa na wasiwasi unapima mara sita mfululizo, bando linaisha unabaki unalaumu kampuni imekuibia.

Utaona namba nne. Ya kushusha ni kasi ya vitu kuja kwako, video, mafaili. Ya kupakia ni kasi ya vitu kutoka kwako kwenda nje. Pingi ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwa milisekunde, hii ikiwa ndogo ndo nzuri. Jita ni jinsi hiyo pingi inavyoyumba. Watu wanaangalia ile ya kwanza tu, na ndo maana wengi wanahangaika na dalili ya nne hapa chini miezi na miezi.

Dalili ya 1: Nimelipia 20 lakini faili linashuka kwa 2.5

Hamna tatizo mkuu, unapata chako chote. Kampuni zinauza kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, na Speedtest nayo inaonyesha hivohivo, lakini Chrome ikishusha faili inakuonyesha megabaiti, MB. Baiti moja ni biti 8. Gawa 20 kwa 8 unapata 2.5, kwahiyo faili la GB 1 kwenye laini ya Mbps 20 litachukua kama sekunde 400, yaani dakika sita na ushee hadi saba, na hapo ni kama seva unayoshushia haijakubania.

Ikiwa umepima kwa waya na Speedtest yenyewe ndo inakupa 2.5 hiyo ni kesi nyingine. Angalia kwanza kama malipo ya mwezi yamepokelewa, kuna kampuni zikichelewa kulipwa hazikati, zinapunguza. Alafu angalia risiti, kifurushi ulichopewa ndo ulichoomba? Na lile neno "hadi" kwenye tangazo, "hadi Mbps 20", limewekwa pale makusudi.

Dalili ya 2: Karibu na ruta inakimbia, chumbani inakufa

Hii ndo mama wa dalili zote. Nikiitwa kwenye nyumba kumi sijui ngapi ni hii, ila ni nyingi.

Sababu ya kwanza ni mahali ruta ilipo. Fundi wa faiba akija anatoboa ukuta pale waya unapofika kwa urahisi, anaweka kiboksi kinachopokea faiba hapohapo dirishani au nyuma ya mlango, anasaini anaondoka, na familia inaishi na uamuzi wake miaka. Kuna nyumba moja Tabata niliitwa, mama mwenye nyumba analalamika intaneti haifiki jikoni wala chumba cha watoto, nikaiona ruta iko ndani ya kabati la TV, nyuma ya subwoofer, na juu yake imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua kama vile vya kwenye makochi. Nilipoishika chini ilikuwa ya moto. Mama akaniambia mwanangu pale kulikuwa kunaonekana vibaya na yale mataa yake. Tukaitoa tukaiweka juu ya rafu ya ukutani kwenye korido, waya mrefu wa mtandao kutoka kwenye kiboksi hadi pale, jikoni ikafika bila kununua kitu kingine chochote.

Kwahiyo: iweke wazi, juu kidogo usawa wa kifua au zaidi, katikati ya nyumba, mbali na friji, TV na maikrowevu. Usiiweke sakafuni. Ukitaka kuihamisha mbali usivute ule waya mwembamba wa faiba, vuta waya wa mtandao wa kawaida, faiba iache ilipo.

Sababu ya pili, umeunganishwa kwenye mkondo usiofaa. Ruta nyingi za sasa zinatoa majina mawili, moja limeishia na 5G. Hiyo 5G siyo ile ya simu, ni masafa ya 5 GHz tu. Masafa ya 2.4 GHz yanafika mbali lakini ni ya polepole na yamejaa, kwenye maghorofa ya Sinza au Kinondoni ukifungua orodha ya waifai unakuta majina ishirini yanagombania hewa ileile. Ya 5 GHz yana kasi lakini kuta zinayachosha. Basi TV na laptopu zilizo sebuleni ziweke kwenye 5, kamera na simu ya mlinzi getini ziache kwenye 2.4. Mwenye kifurushi cha Mbps 100 akipima akiwa kwenye 2.4 atapata 30 au 40, na hiyo ni kawaida kabisa, asimpigie mtu.

Ukilazimika kukaa kwenye 2.4, ingia kwenye kurasa za ruta, anwani iko kwenye stika chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, tafuta chaneli uweke 1, 6 au 11, hizo tatu ndo hazigongani. Programu za bure za kuchanganua waifai kwenye Android zitakuonyesha ipi ina watu wachache. Upana wa chaneli weka 20 MHz. Kabla hujabadili chochote piga picha kila ukurasa, hasa ule wenye jina la mtumiaji na nywila za kampuni, ukifuta hizo umejikata mwenyewe na itabidi uombe msaada.

Sababu ya tatu kuta. Tofali la saruji linapunguza, zege lenye nondo linapunguza zaidi, na kioo kikubwa cha kabati la nguo nacho kinarudisha mawimbi kwa sababu nyuma yake kuna utando wa metali. Mji Mkongwe Zanzibar na Mji wa Kale Mombasa ndo usiseme, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa nene hasa, ruta moja haimalizi hata vyumba viwili. Hapa usinunue ruta yenye antena nane, antena hazitoboi jiwe. Vuta waya hadi upande wa pili uweke kituo cha pili cha waifai. Wale wanaonunua ripita, kile kifaa cha kurudia waifai, wanaiweka kwenye chumba kilekile kisicho na mtandao, sasa itarudia nini wakati na yenyewe haisikii? Iweke njiani, mahali ambapo waifai bado ni nzuri, na ujue zile za bei rahisi zinakata kasi kama nusu maana zinapokea na kutuma kwa redio ileile.

Nne, kifaa chenyewe. Simu ya zamani haina 5 GHz kabisa. Pima na simu nyingine ukiwa umesimama palepale, ikiwa nyingine inapata kubwa basi acha kuitesa ruta.

Tano, majirani. Uliwahi kumpa mgeni nywila, mgeni akampa dogo wa jirani, dogo akawapa wenzake. Kurasa za ruta zina orodha ya vilivyounganishwa, hesabu vifaa vyako. Vikizidi badili nywila, kwenye usalama wa waifai chagua WPA2 au WPA3, na zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila.

Dalili ya 3: Mchana safi, ikifika saa mbili usiku inalala

Anza na nyumba yako. Saa mbili wote wamerudi, TV inacheza, watoto wawili wana simu, laptopu inajipakulia apdeti. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inataka Mbps 15 na ya HD kamili inataka 5, sasa kwenye kifurushi cha Mbps 10 TV moja ya 4K imeshamaliza kila kitu na bado inalia.

Nyumba ikiwa imetulia na bado usiku inaanguka kwenye waya, hapo ni msongamano huko kwa mtoa huduma. Faiba nyingi za majumbani ni za mfumo wa GPON, uzi mmoja unaotoka kwao unabeba kama Gbps 2.5 kwenda kwa wateja alafu unagawanywa kwa nyumba 32 au hata 64, na mbele ya hapo kuna njia nyingine zinazogawanywa pia na mtaa mzima. Wote mkifungua mpira saa ileile kila mmoja anapata kidogo. Ushahidi wake ni rahisi: pima saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku, siku kadhaa, kwa waya. Alfajiri ikija kamili na usiku theluthi, ruta mpya haitasaidia kitu hata ikiwa ya laki tano. Hiyo ni kesi ya kupeleka kwao na zile picha zako.

Kuna kitu kingine kinachofanana na hiki, matumizi ya haki. Vifurushi vingi vya "bila kikomo" vina kikomo kwenye maandishi madogo, ukivuka GB fulani unashushwa hadi mwisho wa mwezi. Utaitofautishaje? Msongamano unapanda na kushuka kulingana na saa. Kushushwa makusudi kunakuwa bapa, alfajiri 5, mchana 5, usiku wa manane 5, namba imenyooka kama imepigwa rula. Ukiona hivo soma mkataba au uliza umebakiza GB ngapi.

Dalili ya 4: Speedtest inasoma vizuri kabisa lakini Zoom inakwama na gemu linachelewa

Hapa ndo watu wanapanda kifurushi kutoka 20 kwenda 50 na shida inabaki palepale. Zoom hata kwa picha ya HD kamili haifiki Mbps 4. Tatizo siyo upana.

Kinachotokea sana ni upande wa kupakia kujaa. Simu ya baba imefika nyumbani imeanza kupandisha picha zote za harusi kwenda Google Photos, kamera nne za ulinzi zinatuma video nje muda wote, WhatsApp ya mtu inahifadhi nakala. Kupakia kukijaa, vipande vya data vinapanga foleni ndani ya ruta, na sauti yako ya Zoom inasubiri nyuma ya picha za harusi. Programu ya Speedtest inaonyesha pingi tatu, ya ukimya, ya wakati wa kushusha na ya wakati wa kupakia. Ukiona ya ukimya ni 12 na ya kupakia ni 600, umempata mwizi.

Dawa ya kwanza ni kuzima hizo nakala saa za kazi au kuziweka usiku, kamera zipunguze ubora wa video. Dawa ya pili ni kwenye ruta, tafuta QoS (mpangilio wa nani atangulie) au kikomo cha kasi kwa kila kifaa. Wenye ruta zinazokubali OpenWrt, programu ya bure unayoiweka kwenye ruta, kuna kitu kinaitwa SQM cha kupanga hiyo foleni, unaweka kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima, unapoteza kidogo kwenye namba kubwa lakini foleni inaisha, mi naiona ni mabadilishano mazuri kuliko kulipia kifurushi kikubwa.

Ikiwa kupakia hakujajaa na bado unakatika, fanya hiki kipimo, mi nakipenda kuliko Speedtest yenyewe. Kwenye Windows fungua madirisha mawili ya cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri. La kwanza andika ping 192.168.1.1 -t, au anwani yoyote ya ruta yako. La pili andika ping 1.1.1.1 -t, hiyo ni seva ya nje. Yaache yaende sambamba ukiwa kwenye kikao, na pale picha ikiganda geuka uyaangalie. Dirisha la ruta likiyumba, 2, 3, 2, 480, Request timed out (jibu halikurudi), basi shida iko kati yako na ruta, ni waifai au waya, rudi dalili ya 2. La ruta likiwa limetulia kwenye 1 au 2 na la pili ndo linaruka na kupoteza, shida iko nje ya nyumba, kusanya picha uwapigie. Dakika kumi za madirisha haya mawili zinamaliza ubishi wa wiki nzima na kastama kea.

Kwa wana gemu: seva ikiwa Ulaya pingi ya 150 na kitu ukiwa Dar ni ya kawaida. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na waya hauendi kwa mstari ulionyooka, unazunguka na bahari. Hamna kifurushi kinachoshusha hiyo, anayekuuzia anakudanganya. Angalia kama gemu linakuruhusu kuchagua seva ya karibu.

Dalili ya 5: Kifurushi ni 200 ila haivuki 94 hata kwa waya

Fupi hii. Namba ya 94 au 95 inayogoma palepale maana yake sehemu fulani ya njia ni ya 100. Waya wa mtandao una nyuzi 8 ndani, nyuzi 4 zikishika vibaya unashuka hadi 100 bila kukuambia. Badili waya, tafuta ulioandikwa Cat5e au Cat6. Alafu angalia matundu, viboksi vingi vya faiba vina tundu moja tu la gigabiti, mara nyingi LAN1, mengine ni ya 100. Hamisha waya. Ikigoma basi ruta au laptopu yenyewe mwisho wake ni 100.

Dalili ya 6: Speedtest ya hapa nchini safi, tovuti za nje zinatambaa

Kwanza zima VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya nchi nyingine. Natania kidogo lakini siyo sana, wengi waliiwasha siku moja ikabaki, kila kitu kinapita Uholanzi kwanza.

Pili, kwenye Speedtest badili seva kwa mkono. Pima ya Dar, alafu pima ya London au Johannesburg. Ya Dar ikiwa 50 na ya London 6, njia ya kimataifa ya mtoa huduma wako imebanwa au kuna waya wa baharini umeharibika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja huko kusini, Tanzania na Kenya zikaguswa vibaya, na siku kama hizo hata ukizima ruta mara mia hamna kitu, meli ya matengenezo lazima ifike. YouTube na Facebook zinaweza kuendelea vizuri wakati huohuo kwa sababu wana seva za akiba humuhumu ndani ya mitandao yetu, usiitumie YouTube kama ushahidi kwamba kila kitu kizima.

Tatu DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Dalili yake ni ukurasa kukaa kimya sekunde kadhaa alafu ukifunguka unafunguka wote mara moja. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye ruta uone. Lakini DNS haiongezi Mbps, zile video za "badili DNS upate spidi mara kumi" zipuuzeni.

Dalili ya 7: Ruta ya laini ya simu, sasa hivi 40, baada ya dakika 3

Ruta za 4G na 5G ni kabila lingine, hewa ndo waya wako. Angalia bando kwanza jamani. Alafu mahali: weka dirishani upande wa mnara, juu, chumba kilicho chini ya bati moja kwa moja kinaweza kukusumbua. Ingia kwenye kurasa za ruta utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -80 ni nzuri, -100 ni dhaifu, ikienda -110 kushuka chini tegemea vituko. SINR juu ya 20 ni safi, karibu na sifuri ni kelele tupu. Zungusha ruta kidogokidogo, hamisha dirisha, subiri dakika moja usome tena, fuata SINR kuliko RSRP maana mnara unaosikika kwa nguvu lakini umejaa kelele haukusaidii. Alama zote za mtandao zikiwa zimejaa na usiku bado inakufa, ni watu wengi kwenye mnara mmoja, jaribu laini ya kampuni nyingine kwenye simu ukiwa hapohapo kabla ya kununua antena ya nje.

Antena ya nje ikibidi, aliyezoea kupanda ndo apande. Usipande juu ya bati lililolowa, na nguzo ya antena isiwe karibu na nyaya za umeme hata kidogo.

Dalili ya 8: Ukiizima na kuiwasha inakuwa nzuri, baada ya masaa inachoka

Joto kwanza, rejea kile kitambaa cha kufuma. Pili chaja. Ruta ilikuja na adapta ya volti 12 ampia 1.5 au 2, ikaungua, mtu akaweka ya king'amuzi ya ampia 0.5 kwa sababu pini inaingia. Inawaka, taa zote zinawaka, lakini watu wakiunganishwa wengi inajizima na kuwaka. Soma stika ya ruta na ya adapta, volti lazima zilingane, ampia zisipungue, na alama ya chanya na hasi iwe ileile. Tatu umeme wa jioni unaoshuka, kama taa zinafifia na feni inajikongoja usitegemee ruta iwe na afya, kile kiUPS kidogo cha volti 12 kinasaidia na kukikatika kama dakika kumi hivi hupotezi kikao. Nne programu ya ndani ya ruta ni ya zamani, ila ruta ya kampuni waachie wao waisasishe.

Adapta ikinuka, ikivimba au ikilia, itoe ukutani. Usiifungue.

Dalili ya 9: Taa ya LOS nyekundu

Mwanga wa faiba haufiki kwenye kiboksi. Hakuna cha kupima. Angalia tu kama waya umekunjwa na mguu wa kochi au umebanwa na msumari, ukiona umekunjika unyooshe taratibu kwa mduara mpana. Subiri kidogo, uliza jirani mwenye kampuni hiyohiyo, na chungulia nje kama kuna watu wanachimba barabara au wanachimbia bomba la maji, mara nyingi jibu liko kwenye huo mtaro.

Kinachobaki siyo chako. Usichomoe ile pini ya kijani ukaifuta na fulana, vumbi dogo tu linaua mwanga. Usichungulie ndani ya pini wala mwisho wa uzi uliokatika, mwanga wake hauonekani kwa macho lakini ni leza. Usiunge kwa soleteipu. Na vipande vya uzi uliokatika ni vioo, waweke watoto mbali.

Wakati wa kuacha na kuita fundi

LOS nyekundu, uzi umekatika, radi imepiga na kiboksi hakiwaki au kinanuka, waya wa mtandao umeanguka ukagusana na wa umeme, dishi la intaneti limegeuzwa na upepo juu ya paa. Hizi usiguse. Wakati wa mvua za masika na vuli, radi ikianza kuunguruma chomoa adapta na waya wa mtandao unaotoka nje kabla haijakaribia, ikishakaribia kaa mbali uviache.

Ukipiga simu usiseme "mtandao uko chini", watakuambia zima uwashe na mtaishia hapo. Sema: nimepima kwa waya, waifai imezimwa, saa kumi na moja alfajiri ilikuwa 19, saa tatu usiku 5, siku tatu mfululizo, pingi kwenda kwenye ruta 1 bila kupotea, kwenda nje inapotea. Omba namba ya lalamiko uiandike. Wakikuzungusha, Tanzania unaipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na Kenya unaipeleka Mamlaka ya Mawasiliano, lakini kote wataanza kwa kukuuliza kama ulilalamika kwanza kwa mtoa huduma, na ile namba ndo jibu lako.

Fundi akija nyumbani simama naye. Apime kwenye laptopu yako kwa waya, siyo kwenye simu yake yenye bando lake. Kama ni faiba mwombe akupimie mwanga unaofika kwenye kiboksi, utasomeka kwa dBm: -15 hadi -25 poa, ukikaribia -27 ni wa kubahatisha, ukizidi hapo hata kama intaneti inafanya kazi leo mwambie asiondoke bila kusafisha au kuunga upya. Hiyo namba iandike kwa peni kwenye stika ya ruta pamoja na tarehe, shida ikirudi fundi anayefuata ataanzia hapo.